Usinichagulie Usukani Maji Yakiwa Mafu

Nilipostaafu kwenye kiwanda cha chumvi nilipewa leso jozi moja na saa ya ukutani. Nakala ya barua yangu ya onyo nilijichukulia mwenyewe. Leso nimezivaa zikachakaa, saa ilishasimama zamani, lakini barua ingali safi ndani ya nailoni yake. Inasema kwamba Rukia, mtunza stoo, alikataa amri halali ya meneja kuhusu sukani mpya za malango ya maji. Kila neno ni kweli. Nilikataa, na nikirudishwa pale leo nitakataa tena, tena kwa sauti kubwa zaidi.

Nawaandikia nyinyi mnaoshika spana sasa. Juzi kijana mmoja wa chuo cha ufundi alinijia hapa Mambrui. Adabu anayo, shikamoo yake ya heshima, akaketi barazani akanionyesha simu. Picha za sukani safu kwa safu, nyeusi, nyekundu, za kung'aa.

"Bibi, hizi zote ni mamoja," akaniambia. "Nimepima shafti, nimepata yenye shimo linaloingia. Nachagua hii, nyepesi halafu nzuri."

"Nani atauzungusha?"

"Opereta."

"Huyo opereta ana mikono mikubwa au midogo? Mikavu au ya maji?"

Akacheka. Mimi sikucheka, naye akaacha. Nikamtilia kahawa nyingine nikamwambia ajiweke vizuri, maana hatoki upesi. Nanyi mnaosoma jiwekeni vizuri vilevile.

Vitabuni chombo hiki huitwa gurudumu la mkono. Sisi tulisema usukani, kama wa gari. Ni duara la chuma au plastiki linalokaa kichwani mwa shafti, ile fimbo ya chuma inayozunguka. Ukilizungusha, lango linapanda, valvu inafunga, meza ya mashine inasogea. Watu wengi hawautazami. Wanatazama pampu, wanatazama mota, wanauliza bei ya mota na imetoka nchi gani. Usukani huletwa mwisho, kama kifuniko cha sufuria. Na mimi nawaambia kwamba mota haijawahi kumvunja mtu wa zamu yangu hata mmoja. Usukani umemvunja, na aliyeuchagua nilikuwa mimi.

Nilianza kazi nikikwangua chumvi mabwawani, nikapandishwa kuzungusha malango, kisha kwa kuwa najua kusoma na kuandika nikatiwa stoo. Kila kifaa kilipita mikononi mwangu kabla hakijafika kwa mafundi. Mafundi wenyewe walinung'unika. Mwanamke wa stoo, walisema, kazi yake ni kugawa nati na kufagia vumbi la rafu. Nikawajibu kwamba nati nitawagawia, lakini atakayeniletea kifaa kibovu nitamrudishia mlangoni. Walinizoea. Wasioweza kunizoea walijifunza kuja stoo nikiwa nimekwenda kuswali.

Aliyenifundisha ni Fundi Karisa, mtu wa Ganze, mfupi, asiyependa maneno, mwenye viganja vigumu kuliko soli ya kiatu. Usukani mpya ukifika hakuupima kwanza kwa futi. Alikwenda kwenye ndoo ya maji ya bwawani, yale makali yenye chumvi, akachovya mikono, akaipaka na girisi kidogo, ndipo akaushika.

"Kule langoni hakuna mtu mwenye mkono mkavu," aliniambia siku ya kwanza. "Haya, chovya na wewe."

Nikachovya. Usukani uliokuwa ukishikika vizuri juu ya kaunta ukaanza kuniponyoka. Ukingo wake ulikuwa laini kama sahani. Karisa akauweka pembeni, akachukua mwingine wenye mabonde kwa ndani, pale vidole vinapokaa, akanipa. Huo ulishikika hata na girisi yake. Tangu siku ile ndoo ya maji ya chumvi haikuondoka stoo kwangu, na wachuuzi waliokuja na mabegi yao ya sampuli niliwachovya mikono wote, na tai zao. Mmoja alilalamika kwamba saa yake imeingia maji. Nikamwambia hata sukani zake zitaingia maji, na bora tujue leo.

Karisa alinifundisha mengi mengine bila kukaa chini hata mara moja. Duara kubwa humpunguzia mtu uzito lakini humwongezea safari ya mkono, kwa hiyo lango zito lataka usukani mpana, na valvu ndogo ya kufungwa upesi yataka mdogo. Chuma cha kumimina kinavumilia, ila ukikigonga kwa nyundo kinapasuka. Alumini ni nyepesi na yapendeza machoni, lakini ukiivisha shafti ya chuma kwenye hewa yetu ya chumvi, baada ya muda hapo vinapogusana panaota unga mweupe, halafu usukani unacheza, halafu unazunguka peke yake huku shafti imesimama. Plastiki ngumu haijali chumvi, bali jua la miaka huikausha ikavunjika. Na kile kipande cha chuma kinachofunga usukani na shafti ili vizunguke pamoja, tulichokiita kii, msikipuuze kwa kuwa ni kidogo. Karisa alikuwa akikitia mwenyewe, hakumwachia mtu.

Somo la spoku, zile fito zinazotoka katikati ya usukani hadi ukingoni, nilijifunzia mwilini. Tulikuwa na mashine ya kukereza vyuma, na usukani wake mmoja ulikuwa na spoku tatu na kishikio kilichojitokeza. Fundi akitia gia, usukani ule ulizunguka wenyewe kwa nguvu za mota. Mimi nikapita karibu na boksi la nati kichwani, leso imening'inia ubavuni. Kishikio kikainasa leso. Kwanza nilidhani mtu amenivuta, nikageuka nimtukane. Leso yote ikazungushwa mara mbili tatu na nati zikamwagika karakana nzima. Karisa aliruka akazima mashine. Nikabaki na gauni langu la ndani mbele ya wanaume kumi na mmoja, nikakimbilia nyuma ya mapipa ya mafuta, na huko nikakaa mpaka mwenzangu Kadzo aliponiletea leso yake.

Siku ya pili niliagiza usukani mzima usio na spoku, wenye kishikio kinachokunjika ndani. Mkuu wa karakana akauliza sababu. Nikamwambia kama anaitaka sababu avae leso apite pale. Usukani ukaja. Palipo na nguvu za mkono peke yake spoku ni nzuri, mtu hupata pa kukamata. Usukani unaoweza kuzungushwa na mota usiwe na tundu wala kitu cha kujitokeza. Kumbukeni leso yangu mkishikwa na usingizi darasani.

Sasa nimwelezee Kadzo, maana bila yeye nisingekuwa na la kuwaambia. Kadzo alikuwa mwenzangu tangu siku za kukwangua chumvi. Mimi nilipokwenda stoo yeye alibaki malangoni, na lango lake lilikuwa la nne, linalotazama mlango wa bahari. Hilo ndilo lililoingiza maji. Bahari ikijaa analiinua, bwawa la kwanza likitosha analishusha, kabla maji hayajapita kingo na kuharibu mabwawa ya ndani ambako chumvi imeanza kuganda. Akichelewa, kazi ya majuma inarudi kuwa maji ya bahari.

Usukani wa zamani wa lango lile ulipasuka. Karisa akanituma Mombasa kununua mwingine. Asubuhi ya safari nikapita langoni nikaujaribu ule uliopasuka nione lango lina uzito gani. Lilipanda kwa vidole viwili. Nikajisemea, lango lenyewe jepesi hivi, duara kubwa la nini? Nikanunua usukani mdogo, wa kung'aa, unaoingia kikapuni, nikarudi nao nimejaa sifa. Karisa akachovya mikono, akaushika, akaukubali ukingo wake. Kisha akaniuliza swali moja.

"Lango umelijaribu?"

"Nimelijaribu."

Hakuuliza nilijaribu lini, nami sikusema. Nilijaribu maji yakiwa mafu. Mimi, mtoto wa Mambrui, niliyejua bamvua kabla sijajua herufi! Kila mtu wa pwani hii ajua kwamba mwezi ukiandama na ukiwa mpevu bahari hujaa sana na kupwa sana, na hiyo ndiyo bamvua. Katikati yake kuna siku za maji mafu, bahari imelala, haipandi wala haishuki la maana. Siku hizo maji hayasukumi lango. Ya bamvua yanaliegemea kwa uzito wote mpaka ubao unashikana na fremu, na kuliteremsha ni kupigana. Nilijua yote hayo. Nilipoingia dukani nikayaacha nje, nikachagua kama mtu asiyewahi kuiona bahari.

Juma moja baadaye bamvua ikaja. Saa kumi alasiri bwawa limejaa, Kadzo akashika usukani wangu mzuri. Haukwenda. Akaning'inia kwa mwili wote. Haukwenda. Maji yalikuwa yanakaribia ukingo wa tuta, akatafuta kipande cha paipu akakipitisha katikati ya spoku, akakisukuma kwa kifua. Paipu ikachomoka. Akaanguka nayo, na mkono wake wa kulia ukaingia kati ya paipu na fremu ya lango.

Nilisikia kilio nikiwa stoo. Sikuuliza ni nani.

Mfupa uliunga, vidole havikuunga. Tangu siku ile mkono wa kulia wa Kadzo haufungi. Kiwanda hakikumrudisha malangoni. Alianza kuuza chai na mahamri kwenye mlango wa kiwanda, na kila anapoamkiana na mtu humpa mkono wa kushoto, na kila mara husema, "Niwie radhi kwa mkono huu." Nimeyasikia maneno hayo kila asubuhi ya kazi kwa miaka zaidi ya ishirini. Hajawahi kunilaumu. Siku nilipomweleza kwamba nilijaribu lango maji yakiwa mafu, aliniuliza kama nataka mahamri mawili au matatu. Ningependelea anitukane.

Karisa ndiye aliyekwenda Mombasa safari iliyofuata. Alirudi na usukani mpana wa chuma cha kumimina, mzito, mbaya wa sura, wenye spoku tano na ukingo wa mabonde. Ulikaa lango la nne hadi mimi kustaafu. Karisa mwenyewe alikwisha kustaafu akarudi kwao, nami nikabaki na ndoo yake.

Ndipo akaja meneja wangu wa barua. Alikuwa mtu wa bara, kijana, msomi, na sitaki mumwone mbaya kwa sababu hakuwa mbaya. Alikuwa na haraka. Alikuta malango manane na pampu kadhaa, kila moja na usukani wake, saizi yake, shimo lake, akaona fujo. Akaagiza boksi zima la sukani za alumini, saizi moja, zenye vishikio vya kukunja. Siku zilipofika akakusanya watu lango la nne, akafungisha mmoja, akauzungusha kwa kidole. Lango likapanda. Watu wakapiga makofi. Akanigeukia na fomu ya kupokea mali.

"Tia sahihi, Mama Rukia."

"Sitii."

"Una shida gani nazo?"

"Leo maji mafu, bwana. Njoo Alhamisi saa kumi, bamvua. Ukiuzungusha siku hiyo, natia sahihi na kidole gumba."

"Mama, mimi nafuata ratiba, sifuati mwezi."

Watu wakacheka. Nami ningecheka, ila macho yangu yalikuwa kwa msichana aliyesimama kando ya lango, na glavu zake kiunoni. Huyo ndiye mwenye zamu ya lango la nne, jina lake Sidi. Ni binti wa Kadzo. Siku mama yake alipoumia, Sidi alikuwa angali ananyonya.

Nikasema moyoni kwamba nyumba ile haitavunjwa mikono miwili na mtu mmoja. Nikamwambia fundi arudishe usukani wa zamani, nikaubeba ule mpya, nikautia boksini na wenzake, boksi nikalifungia stoo. Ufunguo nikaufunga kwenye pindo la leso, hapa, kifuani. Sijui kwenu, lakini kwetu kilichofungwa pindoni mwa leso ya mwanamke mtu mzima hakuna mwanamume atakayenyoosha mkono kukitafuta. Meneja alituma mlinzi. Mlinzi akafika mlangoni, akaangalia pindo, akaangalia chini, akaniambia, "Mama, mimi nitasema sikukuona," akaenda zake. Akaja mkuu wa karakana, akanisihi nisijiharibie, nimebakisha miaka michache nistaafu kwa heshima. Nikamwambia heshima yangu ninayo, sikuazimwa na kiwanda.

Jumanne barua ikaja. Nikaisoma kauntani, nikaikunja, nikaendelea kugawa nati. Msidhani sikuogopa. Usiku sikulala vizuri, nilikuwa mjane na nyumba inanitegemea. Hofu yangu niliiona, nikaipa nafasi ikae, lakini kalamu sikuipa.

Alhamisi saa tisa unusu nikafungua stoo mwenyewe. Nikachukua usukani mmoja wa alumini nikaupeleka lango la nne. Maji yalikuwa yanaingia kwa vishindo, lango liko juu, bwawa linajaa. Meneja akaja, nadhani alikuja kunifukuza. Nikampa usukani.

"Ufungishe, bwana. Kisha lishushe lango."

Ulipokwisha kufungwa, Sidi akavaa glavu akasogea. Nikamshika kiuno nikamrudisha nyuma.

"Si wewe. Yeye."

Meneja akakunja mikono ya shati. Akazungusha, ukaenda nusu duara, ukasimama. Akavuta. Akabadilisha miguu. Kishikio cha kukunja kikajikunja kikamfinya kidole, akasema neno la kwao ambalo sikulielewa ila nililielewa. Viganja vikaanza kuteleza. Maji yalikuwa chini ya ukingo wa tuta kwa upana wa kiganja, na hakuna aliyecheka tena. Akatazama huku na huku, akaona kipande cha paipu kando ya tuta, akakiokota, akakipitisha kwenye spoku.

Kadzo alikuwa amepanda tutani na birika lake. Hakuna aliyemwita. Alitua birika, akamwendea, akaiwekea paipu mkono wake wa kulia, ule usiofunga, ukalala juu ya chuma kama kitambaa.

"Mwanangu," akamwambia, "paipu hii naijua."

Meneja akautazama ule mkono. Akamtazama Sidi, maana wamefanana sana. Akaiachia paipu.

"Ule wa zamani uko wapi?" akauliza.

Ulikuwa nyuma yangu, nilikuwa nimeutua kwenye mkokoteni ulipofunguliwa. Sidi akafungua nati, tukautoa huo mzuri, tukaupandisha huo mbaya, na kii nikaitia mwenyewe. Tulizungusha watatu, Sidi, mimi, na meneja upande wa pili, mpaka lango likakaa chini. Maji yalishaanza kulamba juu ya tuta lakini hayakupita. Meneja akaketi pale pale kwenye tope na suruali yake ya kazi ya ofisini, Kadzo akammiminia chai.

Sukani za alumini zilirudishwa zilikotoka, ila tatu tulizozitia kwenye valvu ndogo ndani ya jengo, mahali pakavu, na huko zimefanya kazi vizuri. Sikatai kitu kwa sababu ni kipya. Barua hakuiondoa kwenye faili. Sikumwomba aiondoe, naye hakujua jinsi ya kusema. Tuliamkiana vizuri mpaka alipohamishwa.

Sasa nasikia malango yametiwa mota na vitufe, na kuna anayesema sukani ziondolewe kabisa kwa kuwa hazitumiki. Yule kijana wa simu aliniambia hivyo hivyo, barazani kwangu, na wakati anasema stima ilikuwa imekatika tangu asubuhi, simu yenyewe imebakiwa na chaji kidogo. Nikamwomba anionyeshe hicho kitufe kitakavyofanya kazi hapa tulipo. Wekeni mota zenu, lakini usukani ubaki kichwani mwa shafti, mpana, wenye mabonde, na ujaribiwe siku ya bamvua na yule atakayeuzungusha, na mikono yake ichovywe kwanza. Meneja wako akikwambia hana wakati wa kungoja mwezi, mwambie angoje. Akikuandikia barua, ipokee kwa mkono wa kulia.

Kadzo bado anauza chai, na bado ananipa mkono wa kushoto na kuniomba radhi, mimi ambaye ndiye ninayedaiwa radhi hiyo. Sidi bado yuko malangoni, sasa ni mkubwa wa zamu. Siku za Idi huja kunitembelea hapa Mambrui. Hunipa mkono wa kulia, akanibana kwa nguvu zote za mzungusha lango mpaka vidole vyangu vya uzee vinauma, wala simwambii alegeze.